PID Iache Kwenye Logi

Seva inayosikiliza 127.0.0.1 (anwani ya mashine yenyewe) haijui nani anabisha hodi. Mtumiaji yeyote wa mashine hiyo anaweza kuunganisha. Ndiyo maana huduma za ndani ya Linux napendelea zitumie soketi ya Unix (njia ya programu za mashine moja kuzungumza), kwa sababu hapo kerneli yenyewe, kiini cha mfumo, humtambulisha mgeni bila nywila.

Baada ya accept() kupokea muunganisho, ita getsockopt() kwa SOL_SOCKET na SO_PEERCRED. Utapata struct ucred yenye baiti 12, yaani namba tatu: PID (ya mchakato, yaani programu inayoendeshwa), UID (ya mtumiaji) na GID (ya kundi lake). (Ukiandika kwa C, weka #define _GNU_SOURCE juu ya include zote, la sivyo kompaila itadai haiijui struct hiyo.)

Mteja hawezi kuzighushi, maana si yeye anayeziandika. Kerneli hunasa namba hizo wakati wa connect(), na haizisahihishi tena. Mchakato ulioungana ukiwa root kisha ukajishusha cheo utaendelea kuonekana na UID 0, ya root. Soketi ikirithiwa baada ya fork() (mchakato kuzaa mwingine), au ikikabidhiwa mchakato mwingine kwa SCM_RIGHTS, anayeandika si lazima awe yule aliyebisha.

GID nayo huwachanganya wengi. Ni kundi kuu tu. Mtu uliyemwongeza kwenye kundi la "wasimamizi" kwa usermod -aG atakataliwa ukilinganisha GID peke yake. Makundi yake ya ziada yanapatikana kwa SO_PEERGROUPS, kuanzia Linux 4.13.

Kwa maoni yangu, uamuzi wa kuruhusu au kukataa ujengwe juu ya UID; PID ibaki ya kuandikwa kwenye logi tu. PostgreSQL hufanya hivyo kwa njia yake ya peer: jina la mtumiaji wa mfumo hulinganishwa na la mtumiaji wa hifadhidata, basi. Kinachonikera ni msimbo unaochukua PID, ukasoma /proc/PID/exe (kiungo cha faili la programu ya mchakato huo), ukatangaza "hii ni programu yetu". Mchakato ule huenda umeshakufa na namba yake kupewa mwingine. Hata ukiwa hai, mjanja hutuma ombi kisha huita execve(), inayobadili mchakato huo huo kuwa programu inayoaminika, kabla seva haijasoma: PID ile ile, programu nyingine. polkit, huduma ya Linux inayoamua ruhusa, iliumwa na mbio za namna hii za kuwahi ukaguzi, udhaifu uliosajiliwa kama CVE-2013-4288. Mshambulizi aliweza kuanzisha programu ya setuid (inayoendeshwa kwa mamlaka ya mwenye faili) kabla ukaguzi haujafanyika.

SO_PEERPIDFD ya Linux 6.5, inayotoa kishikio cha mchakato badala ya namba, hutibu namba kutumika upya, lakini hila ya execve() inabaki pale pale. Na mteja akiwa kwenye kontena ambayo seva haioni michakato yake, PID itasomeka 0.

Faili la soketi nalo lifungwe: weka umask(0117), inayomwachia mwenye faili na kundi lake tu kusoma na kuandika, kabla ya bind() inayounda faili, usingoje chmod() baadaye, kwani kati ya hatua hizo mbili mlango unaweza kuwa wazi. Soketi dhahania, zile ambazo jina lake huanza na baiti ya sifuri, hazina ruhusa za faili kabisa. Huko ukisahau kukagua UID, kila mtu anaingia.