Raba za sponji nene, na kwa nini sikuletei Mombasa

Huku Leicester kuna jambo lanishangaza mpaka leo na si baridi wala kodi ya nyumba, ni hili la mtu kukupa raba mpya ambazo hujazilipia hata peni moja ukakimbie nazo kisha uzirudishe. Wallahi. Kampuni ya viatu yaja na vani kwenye grupu yetu ya kukimbia, saa kumi na mbili unusu jioni na giza totoro (huku Disemba saa kumi jua lishazama), ndani maboksi ya kila saizi, wamwambia kijana mie navaa 43, aandika jina, viatu vyako waviacha kwenye kreti halafu huyoo Victoria Park na kiatu cha pauni 150 mguuni. Piga hesabu, ni elfu 25 na ushee za kwetu. Hakuna rehani, hakuna mtu kukufuata nyuma na boda.

Mie mtu wa Majengo, Mombasa bana. Kwetu ukiacha makubadhi mlango wa mskiti siku ya Ijumaa wasali huku roho iko nje.

Haya, kiatu chenyewe. Ni zile nene za siku hizi, mambo yalioanzwa na kampuni ya Hoka 2009 kule Ufaransa, watu wakawacheka eti viatu vya babu mwenye goti bovu, leo kila kampuni inazo. Shirikisho la riadha duniani mwaka 2020 likasema soli ya mbio za barabarani isipite milimita 40, lakini hiyo ni sheria ya mashindano tu, za mazoezi zingine zapita hapo na hakuna wa kukukamata. Sponji zamani ilikuwa ya plastiki aina ya EVA, sasa zile za bei waweka aina nyingine, PEBA, ambayo ni nyepesi na ukiikanyaga yakurudishia nguvu zaidi, ndio sponji ya aina ya ile alovaa Kipchoge Vienna 2019 siku alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40, ingawa zake zilikuwa na bamba la kaboni ndani na hizi tulizopewa sisi hazina.

Mwanzo wahisi watembea juu ya godoro. Kisha ukishika kasi, soli imepinda kwa mbele, mguu wabingirika wenyewe na goti langu la kulia ambalo huwa lanisemesha likanyamaza kilomita zote tano, kwa hilo nawapa haki yao. Lakini kwenye kona ntakwambia kweli, kifundo chayumba, uko juu mno, na hapo ni lami iliolala sawasawa haina hata changarawe.

Ndio maana watu wa nyumbani mkiniandikia "kaka niletee zile" nasita, na si ubahili. Kiatu hiki kimetengenezewa barabara zao na hali yao ya hewa. Kipeleke Mji wa Kale kwenye vichochoro vile vya mawe na mifereji, au kando ya barabara ya kuelekea Changamwe ambapo lori limekubakishia nafasi ya unyayo mmoja na huo unyayo una shimo, uone kama kifundo kitapona. Na jasho je? Kaskazi likishika unalowa kabla hujamaliza kufunga kamba, kiatu chote hicho kikishiba maji chakauka lini? Mwakumbuka mbio za nyika za dunia 2007 pale uwanja wa golfu Mombasa, Bekele wa Ethiopia bingwa wa mabingwa akajitoa kwenye mzunguko wa mwisho na Tadese wa Eritrea akabeba, wale walikuwa na spaiki nyepesi kabisa na bado joto letu lilikula watu. Sponji haikupunguzii joto.

Mahali pekee naona zingefaa ni bustani ya Mama Ngina kando ya bahari tangu ilipokarabatiwa 2019, pale waweza kwenda na kurudi bila kuangalia chini, baada ya alfajiri upepo wa bahari mzuri, wamama na madera yao na raba, wazee wanyoosha mikono. Na sitasema eti kwetu ndio kuna utu na huku hakuna, hiyo kila aliepanda ndege aisema. Huku grupu ina mtu kazi yake ni kukaa na alie nyuma kabisa, hata akitembea atembea nae mpaka mwisho. Sisi vijana wa Tudor wakuacha Laitihausi wewe wahema, ukiwafikia washamaliza mahamri na mbaazi na wakucheka juu.

Kitu cha kuiga hapa kwa maoni yangu ni kule kujaribu. Maana sisi twanunua vipi? Waenda soko la Kongowea kwenye mitumba, muuzaji akutandikia karatasi ya boksi usichafue, wasimama juu yake, waibonyeza soli kwa kidole gumba, aapa ni kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, mwafikiana. Juu kiatu chang'aa, lakini sponji huchoka baada ya kilomita 500 mpaka 800 hivi na haionyeshi kwa macho, mzungu alikitupa kwa sababu hiyo hiyo. Angalia ubavu wa soli, ikiwa na mikunjo mingi iliolala imekwisha. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma, kikiegemea upande mmoja wachana nacho hata akikupa kwa mia tatu.

Na maduka ya raba mpya pale mjini nayo, wakuachia utembee hatua mbili kwenye tailsi na askari akutazama. Kwani hawawezi kuja Mama Ngina Jumamosi moja asubuhi na jozi kumi ishirini? Kama ni uoga wa kuibiwa, kila jengo Mombasa twaacha kitambulisho getini, wachukue basi kitambulisho na simu juu yake, mtu akimbie mpaka feri na kurudi. Akikipenda alipe, asipokipenda ajipangusie jasho arudishe. Mwenye duka anaesoma hapa anijibu, nataka kusikia ugumu uko wapi.