Mtoto Akiitwa Bahati, Abatizwe Bahati

Pita mitaa ya Bagamoyo jioni usikilize akina mama wanavyoita watoto: Bahati, Rehema, Neema, Baraka. Kisha fungua daftari la ubatizo. Bahati yule yule kaandikwa Fortunatus, jina ambalo hata shangazi yake hajawahi kulitamka. Akija kutaka kufunga ndoa, parokia ya mchumba wake itaomba cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, na katibu atapekua kurasa akimtafuta Bahati asimwone. Zitaanza safari za kutafuta wazazi, wasimamizi na mashahidi, na huku matangazo ya ndoa yanasubiri.

Msimamo wangu ni huu: jina analoitwa mtoto nyumbani ndilo liende naye kwenye maji ya ubatizo.

Wapo wazazi wanaoamini kwamba Kanisa Katoliki linadai jina la Kizungu. Halidai. Kanuni ya 855 ya Sheria ya Kanisa, iliyoanza kutumika tarehe 27 Novemba 1983, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu kwamba mtoto hapewi jina lisilopatana na roho ya Kikristo. Sheria ya zamani, ya mwaka 1917, ilikuwa kali zaidi: paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakishikilia lao, yeye aongeze la mtakatifu na kuandika yote mawili daftarini. Babu na bibi zetu walibatizwa chini ya kanuni hiyo. Sheria imebadilika, mazoea yamebaki. Katekisimu nayo inasema wazi kwamba jina la ubatizo laweza kuwa la mtakatifu, au la fumbo au fadhila ya Kikristo. Imani, Tumaini, Neema, Amani: yote yanatosha yenyewe, bila kubandikwa jingine mbele.

Huku pwani kuna hofu nyingine: "Rehema si jina la Kiislamu hilo?" Rehema ni neno la Kiswahili lililotoka Kiarabu, na maneno ya asili hiyo tunayo kinywani kila siku tunaposali. Tunaposema "Salamu Maria, umejaa neema", salamu na neema vyote vimetoka huko huko. Ikiwa Mama wa Mungu anasalimiwa kwa maneno hayo, mtoto wa kike haharibikiwi akiitwa kwa mojawapo.

Tena yupo mtakatifu wa kulimaliza jambo hili. Mtakatifu Bakhita alitekwa Darfur, Sudan, akiwa mdogo, na jina hilo la Kiarabu alipewa na waliomteka. Maana yake ni mwenye bahati, na shina lake ndilo lililotupa neno letu bahati. Alipobatizwa Venice tarehe 9 Januari 1890 aliandikwa Giuseppina Margherita Fortunata, na hilo la tatu ni Bakhita yule yule katika Kilatini. Lakini alipotangazwa mtakatifu mwaka 2000, Kanisa lote lilimjua na linaendelea kumjua kwa jina la Bakhita. Basi Bahati wa Bagamoyo, mji uliopitisha watumwa wengi hivyo, ana msimamizi mbinguni na ana sikukuu yake tarehe 8 Februari. Fortunatus wa nini tena?

Anayetaka jina la mtakatifu, achague ambaye anaweza kumsimulia mtoto habari zake. Kufungua kalenda na kuchukua jina la siku aliyozaliwa si vibaya, ila mtoto akiuliza "huyu alikuwa nani?" kimya kinakuwa kirefu. Deogratias, kwa mfano, wengi wanalibeba bila kujua kwamba alikuwa askofu wa Karthago, Afrika ya Kaskazini. Wavandali, kabila lililokuwa linatawala Karthago, walipoiteka Roma mwaka 455 na kuleta mateka mjini kwake, aliuza vyombo vya dhahabu na fedha vya kanisa ili awakomboe. Katika Bagamoyo, mji ambao Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kulea watumwa waliokombolewa, jina hilo lina uzito wake. Kizito naye, kijana kuliko wote kati ya mashahidi wa Uganda, anaitwa mtakatifu kwa jina lake la Kiganda.

Majina ya Shida, Tabu na Mashaka hayajakatazwa na kanuni yoyote, na wanaoyabeba ni watu wa heshima zao. Lakini kama bado hamjaamua, naomba msimwandikie mtoto machungu ya mwaka mmoja ayabebe maisha yake yote.

Sasa tahajia, maana hapa ndipo panapoumiza zaidi. Yosefu, Josefu, Joseph na Josephu ni mtakatifu mmoja, ila kwa karani ni watu wanne. Theresia, Teresia na Teresa vivyo hivyo. Tangazo la kizazi kutoka hospitali likisema Theresia, cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, kikasema Teresia na cha ubatizo kikasema Teresa, kuna siku mtoto huyo ataambiwa alete hati ya kiapo. Kabla ya kwenda parokiani, andikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja jina la mtoto, la baba na la babu, kama yalivyo kwenye tangazo la kizazi, mkaikabidhi karatasi yenyewe. Msitaje kwa mdomo tu: kwenye kelele za watoto kumi wanaolia, Felista anageuka Felisiti. Na kama mna mtakatifu wenu, mwambieni padre mapema, kwa kuwa anaweza kumwongeza kwenye litania ya siku hiyo.

Mama asiye na ndoa naye ajue haki yake. Jina lake huandikwa uzazi wake ukijulikana wazi, au akiomba mwenyewe. La baba huandikwa pale tu penye hati ya serikali, au baba mwenyewe akikiri mbele ya paroko na mashahidi wawili. Ni vema baba huyo aje ofisini na mashahidi wake kabla ya siku ya ubatizo, si asubuhi ile ile.

Mtoto aliyebatizwa hospitalini katika hatari ya kufa habatizwi tena. Apelekwe kanisani akamilishiwe sehemu zilizobaki, na jina lake lifikishwe daftarini upesi.

Mkimaliza yote, ombeni kuonyeshwa mstari wa mtoto wenu. Someni herufi moja moja, kisha tarehe ya kuzaliwa, kisha majina ya wasimamizi. Kosa likionekana siku hiyo, linasahihishwa mbele yenu.