Hamira iliyoshindwa kwa bei ya andazi

Mjadala wa vinasaba ukigusa dawa ya malaria, hakosi mtu wa kuuliza: "Ile hamira waliyoitengeneza Wamarekani itoe kiini cha dawa iliishia wapi?" Swali ni la haki. Jibu analopewa ndilo linalonikera: kwamba wanasayansi walichoma mamilioni ya dola ili wamfukuze shambani mkulima wa atemisia, mmea unaotoa kiini hichohicho, soko likawaumbua, mmea ukashinda. Kwamba mmea ulishinda ni kweli. Hayo mengine yanahitaji kuangaliwa upya.

Hamira yenyewe ni ya ukoo uleule wa hamira ya mandazi. Tunaijua kwa kazi moja: ukiikoroga na sukari katika maji ya vuguvugu inatoa povu, unga unaumuka. Lakini ndani ya chembe yake kuna shughuli nyingine nyingi, mojawapo ikiwa kutengeneza ergosteroli, mafuta inayojengea utando wake. Jay Keasling wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzake wa kampuni ya Amyris waliona kuwa katikati ya safari hiyo hupita malighafi ileile ambayo mmea wa atemisia hutumia kutengeneza atemisinini, kiini cha dawa mseto tunazomeza. Basi wakafanya anachofanya mkulima wa umwagiliaji: wakabana mlango wa mfereji wa ergosteroli, maji yakapungua upande ule, wakachimba mfereji mwingine kwa jeni zilizotolewa kwenye atemisia yenyewe. Mwaka 2006 walitangaza kupata kiasi cha miligramu 100 kwa lita za asidi ya atemisini, ambayo ndiyo hugeuzwa kuwa atemisinini. Mwaka 2013 wakafika gramu 25 kwa lita.

Mara 250 hizo hazikuja kwa kuongeza sukari. Kuna wakati hamira ilikuwa ikitoa gramu 40 kwa lita za kitu cha hatua ya kwanza tu, amofadieni, halafu inakwama. Kimeng'enya cha kumalizia kazi kilikuwa kizito na chembe zikidhoofika. Ikabidi warudi kwenye mmea kuuchunguza tena, wakakuta vimeng'enya wasaidizi ambavyo hawakuvichukua mara ya kwanza. Juu ya hayo wakamwaga mafuta ndani ya tangi ili asidi inayotoka inaswe humo. Wanaosema teknolojia hii ilishindwa wangepaswa kwanza kueleza kilichoshindwa hapo.

Kampuni ya dawa ya Sanofi ilichukua kazi hiyo hadi kiwanda chake cha Garessio, Italia, ambako asidi hiyo iligeuzwa kuwa atemisinini kwa msaada wa mwanga. Shirika la Afya Duniani likaikubali mwaka 2013, na mwaka 2014 dozi milioni 1.7 za kwanza zikaelekezwa nchi sita za Afrika, zikiwemo Burundi na Kongo. Mwaka 2015 kiwanda hakikutengeneza hata kilo moja. Mwaka uliofuata ikaelezwa kuwa kinauzwa kwa Huvepharma, kampuni ya Bulgaria inayojulikana zaidi kwa dawa za mifugo.

Sababu ilikuwa bei. Sanofi iliahidi kuuza bila faida wala hasara, dola 350 hadi 400 kwa kilo, na wakati huo atemisinini ya mmea ilikuwa imeshuka chini ya dola 250. Tofauti ya dola 100 inasikika kubwa, ndiyo maana kila mtu huitaja na kuishia hapo. Mimi nimeikalia na kikokotoo.

Dozi ya mtu mzima ya ALu, moja ya dawa mseto hizo, ni vidonge 24, kila kimoja kikiwa na miligramu 20 za atemeta, inayotengenezwa kwa atemisinini. Jumla ni miligramu 480. Ukihesabu na upotevu wa kiwandani, tuseme imetumika gramu 0.6 ya atemisinini. Kilo moja basi inatoa dozi 1,600 na ushei. Gawanya dola 100 kwa 1,600: senti sita za dola, yaani haifiki shilingi 200 za Tanzania. Ni andazi moja. Kwa mtoto wa chini ya kilo 15, anayepewa vidonge sita kwa dozi nzima, ni senti moja na nusu, na huyo mtoto ndiye anayeuawa zaidi na malaria.

Najua mnunuzi wa dozi milioni kumi haoni senti sita, anaona dola 600,000, na mwenye kiwanda cha vidonge hana deni la huruma kwa hamira. Akipewa malighafi mbili zinazofanya kazi ileile atachukua ya bei nafuu, nami ningefanya hivyo. Ninachokataa ni kuiita hiyo hukumu ya sayansi.

Tunasahau kwa nini hamira ilitafutwa. Baada ya dunia kuhamia kwenye dawa mseto, atemisinini ilipita dola 1,000 kwa kilo mwaka 2005. Wakulima wakaambiwa hapa kuna utajiri. China, Vietnam, Kenya, kaskazini mwa Tanzania, Kabale kule Uganda, watu wakapanda. Mbegu ya atemisia ni ndogo kama vumbi, lazima uianzishe kitaluni, uhamishe miche, ukate, uanike, upukuchue majani, ujaze magunia. Toka mbegu hadi kidonge ni zaidi ya mwaka. Magunia yalipofika sokoni kila mtu alikuwa amepanda, na mwaka 2007 bei ilikuwa imedondoka hadi kama dola 200. Tazama tarehe: hamira ya gramu 25 bado haikuwepo. Wanaharakati waliokuja baadaye kusema hamira itamfilisi mkulima walikuwa wanamwonya mtu ambaye tayari alishafilisiwa na soko lenyewe.

Dhidi ya mchezo huo hamira ilikuwa na sifa moja ambayo mmea hauna: tangi halisubiri msimu, na asidi hutoka kwa siku, si miezi. Thamani yake ni ya akiba. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ukiwa na mahindi ghalani mwaka wa mavuno mazuri, hakuna anayeandika gazetini kwamba ghala limeshindwa kushindana na soko la nafaka la Kibaigwa. Hamira ililazimishwa kushindana hivyo. Taasisi ya Gates ilitoa dola milioni 42.6 mwaka 2004 kuanzisha kazi. Aliyekosekana ni wa kulipia ghala libaki wazi. Amyris nayo iligeuzia ujuzi uleule kwenye manukato na mafuta ya ngozi, kisha mwaka 2023 ikaomba kinga ya mufilisi.

Hofu ya "vinasaba vya kubandika" sitaikalia sana. Hamira hubaki tangini, kinachotoka ni kemikali ileile ya jani, na chanjo ya homa ya ini B wanayochomwa watoto wetu kliniki kwa kawaida hutokana na hamira iliyopandikizwa jeni.

Hoja ya mkulima ndiyo nzito, na si ile wanayomsemea. Hamira ya dola 350 inaweka dari: bei ikitaka kuruka, tangi linawashwa. Mimi naona dari hiyo ingemkinga na ule ulevi wa 2005 uliomponza. Yeye anaweza kuniambia kwamba dari bila sakafu ni mtego. Ghala la mahindi hununua kwa mkulima mavuno yakizidi. Tangi la Garessio halinunui jani la mtu. Miaka ya bei nzuri linamkata, miaka ya bei mbaya linamwangalia. Hapo sina jibu la kumpa, ila kwamba anayelipia tangi angepaswa kusaini na mkataba wa kununua majani ya Kabale kabla mbegu hazijaingia kitaluni. Mpango wa Sanofi haukuwa na kifungu hicho.