Divai ya tikiti iliyolala kitandani

Basi hii ilinikuta Nantes, Ufaransa, mwezi wa nane, mi mwanafunzi sina hela na Kifaransa changu bado kile cha kuombea maji. Nikapata kibarua cha uweita wikendi kwa sababu moja tu, Kiingereza, maana watalii wanajaa na pale hakuna aliyekiweza.

Siku ya kwanza shefu akanipa darasa la dakika mbili huku kabeba ndoo ya chaza. Divai yetu hapa ni Muscadet, nyeupe, ya hukuhuku mto Loire unakokaribia bahari, ni "melon", tena imelala "sur lie" baridi yote, ipeleke ikiwa baridi, wape na chaza. Akaenda zake. Nikabaki nachambua. Melon si tikiti? Na "li" si kitanda? (Wao kitanda wanaandika lit halafu ile t wanaimeza.) Nikajiambia sawa bana, kwetu Kilifi mnazi unagemwa mnazini, Waganda wana pombe ya ndizi, sasa Mfaransa akiamua kukamua tikiti mi nani nipinge?

Meza ya kwanza mzee na mkewe, Waingereza. Chaza dazeni moja, wabichi, wengine ukiwakamulia ndimu wananywea hivi, mi mpaka leo siwezi kuwaangalia. Mama akaonja divai akafumba macho. "Kijana, hii zabibu gani, mbona ina kama chumvi kwa mbali?"

Nikatoa kifua. "Si zabibu mama, ni tikiti. Halafu inalazwa kitandani msimu mzima wa baridi."

Glasi ikashuka polepole. "Tikiti?"

"Tikiti tupu."

Mzee akaanza kupekua mkoba wa mkewe kama anatafuta nyoka, kumbe mama ana aleji ya matikiti, ile ya kuvimba koo, na kwenye glasi ilikuwa imebaki robo. Hapohapo mama akaanza kujikuna shingo, na shingo ikawa nyekundu, wallahi niliiona mwenyewe. Nikatimka jikoni, "Shefu, tikiti linaua mtu meza ya nne!" Shefu naye badala ya kuniuliza akamgeukia dogo wa matamutamu akaanza kumfokea, maana siku hiyo menyu ilikuwa na tikiti kweli, la baridi na mnanaa, akajua dogo kalitoa. Dogo analia hajatoa kitu, mi napiga kelele divai, divai, na huko nje mama anajikuna.

Shefu akatoka na chupa mkononi, na mkalimani wa aibu yangu ni mimi mwenyewe. Kwamba Melon de Bourgogne ni jina la zabibu, asili yake mkoa wa Bourgogne, na baridi kali ya 1709 ilipoua mizabibu ya huku hii ndo ikapandwa kwa wingi kwa kuwa inavumilia. Kwamba "lie" ni mashapo, chachu iliyokufa ikazama chini ya tangi, divai inakaa juu yake miezi na miezi ndo inapata ule mchangamko mdogo ulimini. Akaongeza kwamba Muscadet haina undugu na muscat, zabibu nyingine ya jina la kufanana, jambo ambalo hakuna aliyeuliza.

"Kwa hiyo haikulala kitandani?" mzee akauliza. Nikatafsiri. Shefu akaniangalia tu.

Shingo ya mama ikaacha kuwasha kabla sijamaliza ile ya zabibu. Akamalizia robo yake, wakaagiza chupa nyingine, na samaki wa mtoni kwa beurre blanc, ule mchuzi wa siagi, siki na vitunguu vidogo ambao watu wa Nantes wanausifia kama sisi na wali wa nazi, na kwa kweli na ile divai unaenda.

Sahani zilipotoka mama akaniita. "Kijana, cha mwisho mna nini leo?"

Nikageuka. Shefu kasimama mlangoni, kisu mkononi.

"Keki ya lozi mama."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."