Mbezi, Lakini Ile ya Ndani

Bosi wetu ametangaza kwamba kuanzia Jumatatu kikao cha asubuhi kitaanza saa moja na nusu kamili. Hiyo "kamili" aliisema huku akigonga meza kwa kalamu. Ofisi iko Makumbusho, hapa Dar es Salaam, yeye anakaa Mikocheni. Mtu huyu akiamka saa kumi na mbili na nusu bado anapata muda wa kuoga, kunywa chai na kugombana na mkewe kwa utulivu. Basi nikanyoosha mkono kwa heshima zote, nikaeleza kwamba wengine tunatoka mbali kidogo.

"Mbali wapi?"

Mbezi, mkuu.

"Mbezi Beach hapo?"

Hapana mkuu. Mbezi Luis. Na Luis yenyewe ni pa kuteremkia tu, baada ya hapo kuna boda ya kuingia ndani, Makabe kule. Akanitazama kama mtu anayepewa habari za msiba. "Kwa hiyo unakwenda na kurudi kila siku?"

Sasa yeye alidhani nalala wapi? Kwenye kabati la mafaili?

Na asinihurumie. Mimi ni mwenye nyumba. Madirisha ya sebuleni yana vioo, ya vyumbani yana mabati, lakini mwenye nyumba. Hakuna mtu anayenigongea mlango kunikumbusha kodi ya miezi sita. Dalali aliyeniuzia kiwanja aliniapia kwamba pale na lami ni pua na mdomo. Umeme unapita hapo hapo, alisema, na kweli unapita, nguzo naiona vizuri nikisimama juu ya tofali.

Barabara kuu siwezi kuilalamikia. Kuanzia Kimara mpaka Kibaha imepanuliwa, kilomita 19 na ushee, njia nane, na kuna watu walibomolewa nyumba zao mwaka 2017 ili mimi nipite. Nashukuru. Ila shida yangu inaanza pale lami inapoishia, maana kutoka hapo mpaka mlangoni kwangu kuna njia nusu, na hiyo nusu tunagawana na mbuzi. Tena tangu 2021 stendi ya mabasi ya mikoani imehamishiwa Luis. Abiria wa Mwanza anakuja kuanzia safari pale ninaposhukia mimi, na mimi bado sijafika kwangu.

Asubuhi sitaisimulia. Wanaogeuza na gari, yaani wanaolipanda likielekea wasikokwenda ili lirudi nao wameshakaa, wanajua, na wasiogeuza walale salama.

Lakini juzi jioni, hapo Makumbusho, nilidhulumiwa. Gari ya Mbezi inaingia, watu wanakimbia nayo kabla haijasimama, gombania goli kama kawaida. Mimi kwa umri huu na kitambi hiki dirishani sipiti tena, siku hizi natupa. Nikatupa begi langu la ofisi, lenye hotpoti ndani, likatua siti ya dirishani nyuma ya dereva. Nikapanda mlangoni kwa adabu, kama mtu mwenye mali yake. Kufika, juu ya begi langu amekaa mtoto wa miaka minne hivi, anamung'unya ubuyu. Nje dirishani mama yake anafoka: "Kaa hapo hapo baba, usimpishe mtu!"

Nikamwambia, mama, begi ndilo lilitangulia.

"Kwani begi linachoka miguu?"

Hapo gari zima likageuka baraza. Kijana mmoja akatoa spika masikioni mahususi kwa kesi yangu, akasema mtoto halipi nauli, na asiyelipa nauli hana siti. Nikampenda sana yule kijana. Lakini kuna mzee wa kibaraghashia akakohoa, watu wakanyamaza, akasema siti ni ya aliyeikalia, na begi halina makalio. Watu wakapiga makofi. Nikakata rufaa kwa konda. Konda akasema yeye anataka hela, tukae hata juu ya kapeti.

Hukumu ikawa hivi: nikae, ila nimpakate mtoto. Nikakubali, nikijua mama atapanda na kumchukua. Kumbe mama alipopanda, konda alikuwa ameanza ile yake ya "sogeeni nyuma, nyuma kweupe," wakamsukuma mpaka siti ya mwisho. Tukaondoka mimi na mtoto wa watu. Halafu watu wakiona mtu amekaa na mapaja anayo, hawawezi kuvumilia. Mfuko wa dagaa wa yule mama ukapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwangu. Dada aliyesimama: "Anko, nishikie pochi." Mwanafunzi hakusema kitu, aliniwekea begi la madaftari miguuni akageukia upande wa pili.

Maagizo yakaanza kutoka nyuma. "Anko, mfute makamasi!" Nimfute na nini, na mkono upi? "Anko, asilale huyo! Akilala saa hizi usiku halali!" Hiyo amri abiria waliipenda. Tulipofika Kibo ilikuwa kazi ya gari zima, kila kichwa cha mtoto kikiyumba watu ishirini wanapaza sauti: "Asilale!" Akalala Baruti. Ripoti ikatumwa nyuma: mama, amelala. "Mwamsheni!" Nikamtikisa kidogo. Mama jirani yangu wa siti akanikata jicho: "Baba, angekuwa wako ungemtikisa hivyo?"

Simu yangu ikaanza kuita mfukoni, chini ya mtoto. Najua ni mke wangu, maji yameisha, anataka hela ya maji. Ikaita mpaka Bucha, ikapumzika, ikaanza tena Korogwe. Kimara Mwisho konda akataka nauli. Nikamwambia aangalie hali yangu. Akasema haoni hali, anaona mtu amekaa. Ikabidi yule dada wa pochi aingize mkono mfuko wangu wa shati, mbele ya umma, atoe noti, apokee chenji, aihesabu na kunirudishia, huku nikitazama mbele kama mheshimiwa anayefanyiwa ukaguzi.

Temboni mama akateremka. Akaja dirishani: "Nipitishie." Mtoto aliingia kwa dirisha, akatoka kwa dirisha. Katikati ya dirisha akazinduka, akaning'ang'ania tai akilia, "Namtaka babu!"

Babu! Nina miaka arobaini na minane.

Gari lilicheka mpaka Kwa Msuguri. Mimi sikucheka kwa sababu nilishaanza kuhisi joto kwenye suruali, na halikuwa joto la Dar es Salaam. Unamwelezaje boda? Boda aliniwashia tochi ya simu, akaniangalia toka kiunoni mpaka magotini, akasema, "Mzee, leo utalipia na kuosha siti." Na wale dagaa nikagundua bado ninao mkononi. Nyumbani mke wangu hakuuliza habari za suruali. Aliuliza hela ya dagaa nimeipata wapi na ya maji nilisema sina.

Hao dagaa tumeshawala, tusidanganyane.

Sasa mtu wa namna hii ndiye anatakiwa awe amekaa kikaoni saa moja na nusu, amechana nywele, akichangia mawazo. Nilimweleza jirani yangu, mzee mstaafu, akaniambia nivumilie, lami inakuja. Huyu mzee lami yake inakuja tangu nachimba msingi. Kila wapima wakipita na vigingi vyao anawapikia chai. Maji nayo anasema yanakuja, ila kwa tahadhari anachimba kisima. Mpaka sasa ametoa mchanga mkavu tu, mzuri sana, na amegundua unauzika. Leo asubuhi ameleta lori liubebe, lori limezama kwenye ile njia nusu, tairi za nyuma zote. Hakuna boda inayopita, hakuna boza la maji linaloingia, na simtanki yangu inatoa upepo. Dereva amekaa kivulini anasubiri tingo aliyekwenda kutafuta jeki. Mjumbe amefika na kitabu chake cha risiti, amelizunguka lori taratibu, sasa anauliza kama litalala hapa, kwa sababu likilala litatakiwa lilipie ulinzi shirikishi.