Suruali ya mkwezi hufia msambani

Msimu wa karafuu ukikaribia Pemba, kuna ubishi hurudi barazani kila mwaka: mchuma apande mkarafuu kavaa nini? Wapo watu wa jinzi. Hao husema kitambaa kinene ndiyo kinga, na jinzi ya mtumba ni bora zaidi kwa kuwa imeshafuliwa huko ilikotoka mpaka imelainika. Wapo na watu wa nguo nyepesi: kadeti iliyochakaa, trakisuti, au bukta tu, miguu wazi, kama walivyokwea wazee wao. Mimi nimevaa zote na nimezichana zote. Naona kila upande una haki yake kwenye mti wake, lakini wote wanagombania unene wa kitambaa, na suruali ya mkwezi ni nadra kufa kwa wembamba; hufia msambani, pale mishono inapokutana katikati ya mapaja.

Jinzi ina watetezi wengi, na wana hoja. Gome la mkarafuu si laini, vijiti vilivyokauka vinachoma kama sindano, na matawi ya mti huu ni mepesi kuvunjika. Tawi likikatika na mguu ukateleza, kitambaa kinene ndicho kinachokwaruzwa badala ya ngozi. Tena nguo hii asili yake ni kazi ya miti. Mwaka 1870, katika mji wa Reno kule Nevada, Marekani, fundi cherehani Jacob Davis alijiwa na mke wa mkata kuni aliyetaka mumewe ashonewe suruali isiyochanika ovyo. Davis akachukua vipini vidogo vya shaba na kuvigonga kwenye pembe za mifuko na mahali ambapo mshono hulemewa. Mwaka 1873 yeye na mfanyabiashara wa vitambaa Levi Strauss wakapata hataza ya ubunifu huo.

Kisa hicho watu wa jinzi hukitaja kwa fahari, lakini mimi nakisoma kwa namna nyingine. Kitambaa Davis alikikuta kinene tayari. Alichotengeneza yeye ni mishono. Mkata kuni yule alikuwa na shida ileile ya mchuma wa Pemba leo.

Halafu kuna maji. Msimu wa karafuu mara nyingi hukutana na mvua za vuli, na hata siku isiyonyesha, asubuhi majani yana umande. Jinzi ya pamba hunywa maji, huwa nzito, hung'ang'ania mapajani na kukauka kwa taabu. Anayelipwa kwa pishi hana saa mbili za kungoja suruali ikauke. Atapanda nayo hivyo hivyo, na kila akiinua goti atakuwa anavuta kitambaa kilicholowa. Ukitazama marobota ya siku hizi, jinzi nyingi si zile ngumu za zamani. Zimechanganywa na nyuzi za kuvutika. Siku za mwanzo zinaleta raha ya ajabu, unachuchumaa bila kizuizi. Lakini nyuzi zile huchoka kwa joto na kufuliwa, na kitambaa hukonda upande wa ndani wa paja mpaka unaona mwanga ukipenya.

Wa nguo nyepesi nao wasijitape sana. Trakisuti inakauka haraka, hilo halina ubishi. Ila ile ya nyuzi za plastiki inateleza. Kaa nayo juu ya tawi lililolowa, mikono yote miwili imeshika kikonyo, uone unavyoanza kuserereka bila kutaka. Kijiti nacho kikiinasa, hutoa uzi mrefu na suruali nzima inakunjamana. Kadeti ya pamba, au ya pamba iliyochanganywa na tetroni kidogo, ina nafuu: inashika tawi, haibebi maji mengi, na inapitisha upepo. Kama ningelazimishwa kuchagua kitambaa kimoja kwa ajili ya mkarafuu, ningechukua khaki ya unene wa kati, ile iliyoshonewa sare za shule kwa miaka mingi. Watoto wameipa mtihani mkali kuliko sisi.

Bukta ni habari nyingine, na hapa lazima tutenganishe miti. Mkarafuu una matawi. Mtu anahama kutoka tawi hadi tawi, na miguu yake inapita katikati ya vijiti. Mnazi ni nguzo tu. Mkwezi wa minazi anatia kitanzi cha kamba miguuni au anakanyaga vidato vilivyochongwa shinani, magoti yameachana, nyayo zimelibana shina. Anauhisi mti kwa nyayo na kwa ngozi ya ndani ya mguu. Kwa mtu huyo suruali ndefu inayojikusanya gotini ni kero, na pindo likinasa kwenye kamba ni hatari hasa. Mgema wa Kilifi, anayepanda minazi yake asubuhi na jioni na kotama yake, kisu cha kugemea, havai bukta kwa umaskini wala ushamba. Amepima. Gharama yake nayo inaonekana: tazama miguu ya mgema wa siku nyingi, ngozi ya ndani ya muundi imekuwa ngumu kama kisigino. Siku akiteleza, anateremka na shina likimparua kuanzia kifundo mpaka pajani.

Visiwani kuna na suala la stara, ambalo wauza nguo za kazi hawalitii hesabuni. Mkwezi yuko juu, watu wako chini wanatazama juu. Kwa mwanamume wa Kiislamu, kati ya kitovu na goti ni sehemu ya kusitiriwa, na bukta fupi mtini haisitiri kitu. Ndiyo maana wengi huchagua kaptura inayovuka goti. Na wanawake wanaochuma matawi ya chini huvaa suruali ndani ya dera au gauni.

Kisha wapo maji moto. Aliyewahi kuvamiwa na sisimizi hawa wekundu juu ya mti hahitaji maelezo. Wanashona majani kuwa viota, na ukitikisa tawi lao wanashuka kwa mamia. Kwenye mnazi wana faida: wanamfukuza mdudu anayefyonza nazi changa, na utafiti juu ya kazi yao hiyo ulifanyika Zanzibar tangu miaka ya 1950. Mwenye shamba anawapenda, mkwezi anawalaani. Suruali ndefu yenye pindo lililobanwa kwa lastiki au kufungwa kamba inawazuia wasipande kwa ndani. Wa bukta watakujibu kwamba mguu ukiwa wazi unawaona na kuwapangusa, lakini wakishaingia ndani ya suruali iliyobanwa, hawana pa kutokea. Kweli. Nimeshavua suruali juu ya mti kwa sababu hiyo, na sitaki kusimulia zaidi.

Sasa twende msambani. Suruali ya kawaida ina mishono minne inayokutana sehemu moja, katikati ya mapaja. Unaposimama wima haina kazi. Unapoinua mguu kukanyaga tawi lililo usawa wa kiuno, kitambaa chote kinavutwa kuelekea hapo, na hakuna cha ziada cha kutoa. Kitu lazima kiachie, na kinachoachia ni uzi. Watu wengi hudhani dawa ni kununua kubwa zaidi. Wanachukua suruali pana, msamba unaning'inia karibu na magoti, na kumbe wamejifunga. Msamba ukiwa chini hivyo, mapaja yote mawili yanakuwa kama yamevalishwa sketi nyembamba. Ukiinua mguu mmoja unaivuta suruali yote, na kiuno kinashuka mgongoni. Suruali inayokaa juu, karibu na mwili, humpa mtu hatua ndefu zaidi kuliko pana iliyoshuka.

Dawa yake mafundi wetu wanaijua, ila wanaiweka mahali pengine. Kanzu ina kikwapa, kile kipande kinachotiwa chini ya mkono ili mtu ainue mikono bila kupasua ubavu. Kitie kipande kama hicho msambani, chenye umbo la almasi, na ile njia panda ya mishono minne inatawanyika kuwa mishono mifupi inayogawana mzigo. Fundi mwenye cherehani ya kukanyaga anaimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa, na kitambaa anakipata kwa kukata mfuko wa nyuma ambao mkwezi hauhitaji. Ashone mara mbili, kwa uzi imara, si ule wa blauzi. Kwa fikra yangu, kadeti kuukuu yenye kipande hicho inaishinda jinzi nzuri isiyokuwa nacho.

Ushauri huo una mpaka. Mijini kuna wapogoaji wanaopanda miembe na miashoki na msumeno wa mnyororo mkononi, na kwao hoja ya wepesi inabadilika. Suruali maalumu za msumeno zina matabaka ya nyuzi ndefu ndani. Mnyororo ukigusa, nyuzi huchomoka, hujisokota kwenye gurudumu la meno na kuusimamisha. Kuna aina inayokinga mbele tu na inayozunguka mguu wote, na madaraja hupangwa kwa kasi ya mnyororo: mita 20 kwa sekunde kwa daraja la kwanza, 24 kwa la pili, 28 kwa la tatu. Tatizo ni joto. Matabaka yale kwenye jua la Dar es Salaam ni kama kujifunika blanketi, na nimewaona vijana wakizivua saa nne asubuhi na kubaki na jinzi. Mtu anayezimia kwa joto juu ya mti hajalindwa, hoja hiyo naielewa. Lakini jinzi haisimamishi mnyororo hata kidogo, na hapo siwezi kusema pande zote zina haki. Bora ivaliwe ya kinga ya mbele, iliyo nyepesi zaidi, kazi ianze alfajiri na isimame jua likipanda. Na hiyo usimpelekee fundi aitie kipande. Sindano ikipita kwenye matabaka inazifunga zile nyuzi pamoja, nazo zilitakiwa ziwe huru zichomoke. Vivyo hivyo ukiikuta mtumbani ina mkato hata mdogo, iache hapo hapo.

Kwa sisi wa kadeti, kuchagua kunaanzia kwenye lundo. Ivae juu ya uliyonayo, chuchumaa mpaka chini, kisha inua goti hadi kifuani, mguu wa kulia na wa kushoto. Muuzaji atacheka na wapita njia watasimama. Kiuno kikishuka mgongoni, irudishe. Msamba ukikaza lakini kitambaa ni kizima, muombe apunguze bei, maana fundi bado hajalipwa.