Loji za Tabora zisiwaondoe wahudumu

Ukishuka stesheni ya Tabora usiku wa manane hukosi pa kulala. Mji wetu ni njia panda ya reli ya kati: treni za Mwanza, Kigoma na Mpanda zote zinapita hapa, ndiyo maana gesti zimejaa mitaani, na siku hizi nyingi zimeandikwa "lodge" ukutani. Kupokea wageni ni kazi yetu ya siku nyingi. Misafara ya pwani ilipumzika hapa kabla ya kushika njia ya Ujiji, na mwaka 1872 Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland, alikaa kwenye tembe la Kwihara, jirani na mji wetu, hadi Agosti, akingojea wapagazi ambao mwandishi wa habari Stanley aliwatuma kutoka pwani.

Uingereza ninakoishi neno hilo "lodge" lina kazi nyingi: kijumba cha mlinzi getini kwa tajiri, chumba cha mabawabu chuoni, hata tawi la chama cha Freemason. Mimi nilikutana nalo kwa upande wa "lodger", yaani mpangaji anayeishi ndani ya nyumba ya mwenyewe, jiko moja, bafu moja. Mwenye nyumba anaruhusiwa kupokea hadi pauni 7,500 kwa mwaka kutoka kwa mpangaji wa namna hiyo bila kukatwa kodi ya mapato. Mpangaji mwenyewe kinga yake ni ndogo: akitakiwa kuhama hupewa notisi tu, hakuna haja ya mahakama. Hilo nililivumilia. Kilichoniumiza ni kupishana ngazini na watu wa nyumba ileile, kisha ukiugua hakuna anayekugongea mlango. Ukisafiri nako, mahali pengine unatumiwa namba za kufungulia mlango kwenye simu. Unalala, unaondoka, hujaonana na binadamu.

Tabora mhudumu anakuambia "pole na safari", anakufungulia daftari. Jina, kabila, utokako, uendako. Wapo wanaoliona daftari hilo kero. Mimi nalipenda kwa dhati, kwa sababu kuna mtu anajua kwamba upo. Ukimwambia una treni ya alfajiri, anakuamsha na ndoo ya maji ya moto iko tayari. Jua likipanda bila wewe kutoka, anagonga.

Sasa nyumbani wananiuliza kama kufuli za namba zinafaa kwenye loji mpya, ili wapunguze wafanyakazi. Jibu langu ni hapana. Vya kuiga vipo: bei ibandikwe mapokezi, mgeni wa usiku asipandishiwe; king'ora cha moshi kiwepo kila korido; na madirisha yetu ya nondo, walau moja kila chumba, liweze kufunguliwa kwa ndani, maana moto ukianzia mlangoni hakuna pa kupitia. Anayejenga sasa aanze na dirisha hilo, na mshahara wa mhudumu wa usiku auingize kwenye hesabu kabla ya televisheni.